Mvua, Unga na Dhahabu: Kuitazama Tumbbad Nikiwa Kakamega

Huku kwetu ukitaka kumkejeli mtu anayezidisha mambo, unamwambia anakuletea sinema ya Kihindi. Mwanasiasa akibubujikwa na machozi jukwaani, hiyo ni sinema ya Kihindi. Bibi harusi akizirai mbele ya padre, sinema ya Kihindi. Msemo huu umekuwa mali ya kila mtu, hata ya wale ambao hawajawahi kukaa kitako wakatazama filamu moja ya India mwanzo hadi mwisho. Maana yake tunaijua sote: machozi mengi kuliko msiba, na stelingi aliyepigwa risasi saba ambaye bado ana pumzi ya kumuaga mamake kwa hotuba.

Leo nataka kuutetea upande mmoja wa sinema hiyo, na upande wenyewe si hadithi. Hadithi zina watetezi wao, na wengine wao ni akina mama wa mtaa wetu ambao ukipiga hodi saa ya vipindi vya Kihindi vya runinga hufunguliwi mlango. Mimi nataka kuzungumzia picha: rangi, mwanga, maji, moto, vumbi. Nataka pia kueleza kwa nini filamu moja ya mwaka 2018, Tumbbad, imenikaa kichwani kuliko nyingine zote, na kwa nini nadhani sisi wa Kakamega tuna haki ya kuisoma kwa namna ambayo hata waliyoitengeneza hawakuitarajia.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu namna tunavyozitazama. Wengi wetu hatukuzijua filamu za Kihindi ndani ya jumba la sinema. Nairobi ilikuwa na kumbi kama Shan pale Ngara, ambayo siku hizi ni Sarakasi Dome, ukumbi wa sarakasi na muziki. Pwani walizipenda filamu hizo hadi zikaingia kwenye taarab. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa alijijengea jina kwa kutia mashairi ya Kiswahili ndani ya mahadhi ya filamu za Kihindi. Sisi wa huku juu tulizipata kwenye kibanda cha video: mabati, mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni, runinga ya mgongo, na shilingi kumi yako mkononi. Baadaye zikaja kanda za DVD za kupakiwa filamu ishirini katika sahani moja, kisha flashi, kisha simu.

Na zilikuja na sauti juu yake. Tanzania walikuwa na Lufufu, Uganda wana akina VJ Jingo, sisi tuna DJ Afro. Watu waliosoma wakasoma sana huwadharau wasimulizi hawa. Wanasema wanaiharibu filamu, wanaongeza maneno yasiyokuwepo, wanampa jambazi wa Chennai jina la mtaa wa Nairobi. Yote hayo ni kweli. Lakini wamefanya jambo moja ambalo wakosoaji hawalipi uzito: wametupa macho. Mtu anayetazama filamu ya lugha asiyoijua hulazimika kusoma maandishi ya chini, na anayesoma maandishi ya chini haoni juu. Anaona mistari miwili ya herufi nyeupe na vivuli vinavyopita nyuma yake. Pale kibandani hakuna anayesoma. Msimulizi amelibeba suala la maana, kwa hiyo jicho liko huru kuzurura. Tukatazama Sholay ya mwaka 1975 na kuyaona yale mawe ya Ramanagara yalivyopangwa kama yalivyo mawe ya Ilesi na ya vilima vya Maragoli, jabali juu ya jabali, kama vile mtu ameyaweka akasahau kuyarudia. Hatukuhitaji mtu atuambie kwamba nchi ya mawe namna hiyo inaficha watu. Tulikuwa tunaijua.

Kuna bei tuliyolipa. Msimulizi anaogopa kimya. Kimya kikidumu sekunde tano, benchi la nyuma linaanza kulalamika kwamba mashine imekwama. Kwa hiyo kila pengo linajazwa. Katika nakala nyingi nilizotazama nyimbo nazo zimekatwa, na katika sinema ya Kihindi wimbo ndipo mahali ambapo mwongozaji huachia kamera icheze. Ukikata wimbo umekata dirisha. Tulikua tukijua mapigano ya India kwa moyo, na hatujui mvua yake.

Mvua nitairudia. Kabla ya hapo kuna hoja inayonikera na nataka kuiondoa njiani.

Kila ninapoonyesha vijana filamu yenye picha nzito, mtu mmoja atasema, "Lakini hao wako na pesa." Ni jibu la haraka na linatuliza roho, kwa sababu kama uzuri ni pesa, basi sisi tusio nazo hatudaiwi kitu. Ni kweli kwamba India ina filamu za pesa nyingi za kutisha. S. S. Rajamouli alipotengeneza Baahubali, mwaka 2015 na tena 2017, alijenga milki nzima kwa kompyuta na mbao. Katika RRR ya mwaka 2022 alichukua moto na maji, akampa mhusika mmoja moto na mwenzake maji, akawagonganisha kwa saa tatu. Pesa ilionekana.

Lakini rudi nyuma kidogo. Mwaka 1959 Guru Dutt alitengeneza Kaagaz Ke Phool, filamu ya kwanza ya India ya skrini pana ya CinemaScope. Mpiga picha wake, V. K. Murthy, alitaka nguzo ya mwanga ishuke ndani ya studio yenye giza, mwanga mnene kama kitu unachoweza kukishika, na wapenzi wawili wasimame ndani yake bila kugusana. Taa za studio hazikumpa alichotaka. Akachukua kioo kikubwa akakiweka nje juani, akaweka kingine ndani kulipokea lile jua na kulitupa chini. Basi. Vioo viwili na jua la bure. Filamu ilianguka vibaya sokoni, na Guru Dutt hakuweka tena jina lake kama mwongozaji kwenye filamu yoyote. Leo ile nguzo ya mwanga ni mojawapo ya picha zinazokumbukwa zaidi katika sinema ya nchi ile.

Au mchukue Satyajit Ray akitengeneza Pather Panchali, iliyotoka mwaka 1955. Pesa zilimwishia mara kadhaa, kazi ikasimama, ikaanza, ikasimama. Ile sehemu ambayo watoto wawili wanakimbia katikati ya nyasi ndefu zenye maua meupe kwenda kuliona treni, alianza kuipiga siku moja, akaondoka, aliporudi akakuta ng'ombe wameyala maua yote. Mkulima yeyote wa Shinyalu anaielewa habari hiyo bila mkalimani. Ray alisubiri hadi maua yarudi msimu uliofuata. Mwaka mzima, kwa ajili ya nyasi. Tunachokiona pale kwenye skrini, ule weupe unaopepea na moshi mweusi wa treni unaopita juu yake, ni subira iliyogeuzwa kuwa picha. Subira inauma lakini hainunuliwi.

Kwa hiyo pesa tuiweke pembeni. Tatizo langu na filamu nyingi za Kihindi zenye kupendeza ni lingine, na lilinijia kwa nguvu mwaka 2018, mwaka uliozaa filamu mbili zinazofaa kuwekwa meza moja: Padmaavat mwezi wa Januari na Tumbbad mwezi wa Oktoba.

Padmaavat ni ya Sanjay Leela Bhansali, yule wa Devdas na Bajirao Mastani. Bhansali hajui kupiga picha mbaya. Kila chumba chake kina taa mia, kila sketi ina uzito wa ng'ombe mdogo, kila kivuli kimepimwa. Unaweza kuisimamisha filamu yake mahali popote na ukatundika picha ile ukutani. Sasa filamu hiyo inamalizika kwa wanawake wa ngome kujitupa motoni pamoja, akiwemo mjamzito na mtoto wa kike, ili adui asiwapate. Bhansali anaipiga sehemu hiyo kama harusi: nguo nyekundu, mwendo wa taratibu, nyuso zinazong'aa, muziki unaopanda. Mwigizaji Swara Bhasker alimwandikia barua ya wazi akimlaumu kwa kuutukuza moto huo, akashambuliwa sana kwa kuthubutu kusema.

Mimi niko upande wa Bhasker, na sababu yangu inatoka kwenye picha yenyewe. Kamera ile haikuulizi kitu. Imeshakuamulia. Wekundu ule ni mzuri kiasi kwamba ukihisi uchungu unajiona kama mtu asiye na adabu, kama mtu aliyekohoa kanisani. Uzuri wa namna hiyo hufanya kazi ya polisi: unazuia watu wasikaribie mahali tukio lilipotokea. Nilipomaliza nilijiuliza kama picha nzito lazima iwe hivyo, kama macho yakishiba lazima akili ilale.

Tumbbad ilinijibu. Kama hujaitazama, nisamehe, kwa sababu nitaimwaga yote.

Iliongozwa na Rahi Anil Barve, na mpiga picha wake ni Pankaj Kumar. Kazi ilianza mwaka 2012, ikarudiwa sehemu kubwa, ikachukua miaka. Walikuwa wanasubiri masika ya kweli, msimu baada ya msimu, maana walitaka mvua halisi na mawingu halisi. Ilifungua Wiki ya Wakosoaji kule Venice, ikaonyeshwa India bila kelele kubwa, na ilipotolewa upya mwaka 2024 ikaingiza pesa kuliko mara ya kwanza. Watu waliisambaza kwa mdomo, jinsi habari ya shimo jipya la dhahabu inavyosambaa.

Hadithi yake ni hii. Mungu wa kike aliyebeba ulimwengu tumboni alizaa miungu mingi. Mzaliwa wa kwanza, Hastar, alikuwa mlafi. Akaitaka dhahabu yote ya mama na nafaka yote. Dhahabu akaipata. Alipoinyooshea mkono nafaka, ndugu zake wakamshambulia, na mama akamwokoa kwa kumrudisha tumboni, kwa sharti kwamba asiabudiwe na mtu tena. Watu wa kijiji cha Tumbbad wakamwabudu hata hivyo. Miungu ikakasirika, na laana yao ikawa mvua isiyokatika. Mwaka 1918 kijana Vinayak anaishi katika mvua hiyo na mamake anayemtumikia mzee mwenye jumba, na bibi mmoja wa kutisha amefungwa minyororo ndani ya nyumba. Mama anamwapisha asirudi tena Tumbbad. Mwaka 1933 anarudi. Anagundua kwamba chini ya jumba kuna kisima, na chini ya kisima kuna tumbo lenyewe la yule mungu, ambamo Hastar anaishi na njaa yake. Ukishuka na mwanasesere wa unga uliokandwa, Hastar atauvamia. Wakati anakula, unanyakua sarafu za dhahabu kutoka kwenye kitambaa cha kiunoni mwake. Lazima ujichoree duara la unga, ukae ndani yake. Akikugusa umelaaniwa: hufi, na hupati nafuu. Vinayak anatajirika. Anamfundisha mwanawe kazi hiyo. Mwaka 1947 uhuru unafika, serikali mpya inataka kulichukua jumba, na baba na mwana wanaamua kushuka mara ya mwisho wakiwa na wanasesere wengi ili wachukue vyote kwa mkupuo. Wanakuta kila mwanasesere umemwita Hastar wake. Baba analaaniwa. Anamnyooshea mwanawe kitambaa chenye dhahabu. Mwana anakikataa, na kumchoma baba moto ili apumzike.

Angalia jinsi rangi zilivyogawanywa. Juu ya ardhi kila kitu ni kijani kilichochakaa, kijivu, rangi ya ukuta ulioota kuvu. Mtu yeyote anayekaa Kakamega mwezi wa Aprili anaijua rangi hiyo. Huku hunyesha karibu milimita elfu mbili kwa mwaka. Asubuhi jua, mchana wingu linajikusanya juu ya msitu, alasiri mabati yanapiga kelele mpaka mwalimu anaacha kufundisha. Nguo hazikauki, viatu vinaota ukungu chini ya kitanda. Filamu nyingi, za Kihindi na zetu, hutumia mvua kama mapambo: wapenzi wanalowa, wimbo unaanza. Katika Tumbbad mvua haina habari na mtu. Inanyesha watu wakifa, inanyesha wakila. Ni mara ya kwanza niliiona mvua ya nyumbani kwenye skrini.

Ndani ya kisima rangi inageuka kuwa nyekundu, nyekundu ya nyama, yenye unyevu, na kuta zinapumua. Wekundu huu ndio niliotaka kuuweka kando ya ule wa Bhansali. Wa Bhansali unakuvutia umsahau anayeungua. Huu wa Barve unakufanya ujisikie mwili wako mwenyewe. Katikati ya wekundu huo kuna duara jembamba jeupe la unga, na mtu amekaa ndani yake akitetemeka. Filamu nzima iko katika picha hiyo moja, bila neno. Dhahabu iko nje ya duara. Uhai uko ndani. Na kilichochora mpaka kati ya hivyo viwili ni unga, kitu ambacho kila nyumba ya huku inacho kwenye gunia nyuma ya mlango, au inasikitika kwamba hainacho.

Sasa nije nyumbani. Sura ya pili ya Tumbbad ni ya mwaka 1933, na mwaka huo una maana yake Kakamega.

Mwaka 1931 Mmarekani aliyekuwa mkulima huko Turbo, L. A. Johnson, alipata dhahabu hapa. Kufikia mwaka uliofuata wazungu walikuwa wameshamiminika na mahema yao, na wafanyabiashara, Wahindi wakiwemo, wakafuata njia ile ile wakauza chumvi, majembe na blanketi. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi ya akiba yao ni yao milele, na kwamba kipande kikichukuliwa kwa shughuli ya umma, kipande kingine cha kulingana kitaongezwa. Dhahabu ilipoonekana, Desemba 1932, sheria hiyo ikarekebishwa haraka ili ardhi ya machimbo iweze kuchukuliwa bila kurudishiwa ardhi nyingine. "Milele" ilikuwa imedumu miaka miwili. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulikuja kufungwa baadaye, lakini jina limebaki: Rosterman ni mahali hapa mjini, watu wanapanga nyumba. Huko Ikolomani mashimo hayakuwahi kufungwa. Wanaume hushuka kwa kamba na tochi, wanawake huosha mchanga kwenye karai, na mwisho wa siku zebaki hukusanya chembe zile na mnunuzi hupima.

Mjomba wangu alishuka kwenye mashimo hayo kwa zaidi ya miaka kumi kabla magoti hayajamkataza. Nilimwekea Tumbbad kwenye kipakatalishi sebuleni kwake, nikawa namtafsiria polepole, nikijitahidi kuacha vimya vya filamu vibaki vimya. Alitazama bila kusema kitu hadi Vinayak alipopeleka sarafu zake kwa Raghav, yule mkopeshaji anayezinunua na kujiuliza kwa nini jamaa huyu huja na chache chache. Hapo akacheka.

"Huyo ndiye mtu wa kweli humo ndani," akasema.

"Kwa nini, mjomba?"

"Wewe hujaona macho yake? Hanunui dhahabu huyo. Ananunua njia ya kwenda kwenye shimo."

Dakika chache baadaye Raghav anaamua kushuka mwenyewe kisimani, na tamaa inamwishia vibaya. Mjomba akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari ya jirani. Filamu ilipokwisha nilimuuliza ameionaje. Nilitarajia aseme kuhusu yule bibi ambaye mti umemwota mwilini akiwa hai, picha ambayo mimi bado hunijia usiku. Akasema, "Ni nzuri. Lakini mwanangu, mbona hakuna anayechimba?"

Nimelizungusha swali hilo miezi sasa, na naamini ni ukosoaji bora zaidi wa Tumbbad niliowahi kuusikia. Ni kweli, hakuna anayechimba. Dhahabu inadondoka kutoka kiunoni mwa shetani. Hakuna jembe, hakuna mgongo unaouma, hakuna ukuta wa udongo unaoporomoka na vijana watatu wakiwa chini. Filamu inatupa dhahabu isiyo na kazi, kwa hiyo kilichobaki cha kuihukumu ni tamaa peke yake. Na hukumu ya tamaa ni rahisi sana kuipeleka mahali pasipofaa. Nimeisikia mara nyingi huku, kwenye mimbari na kwenye mikutano ya hadhara: hao vijana wa mashimo ni walafi, wameacha shule, wameacha shamba, wanataka utajiri wa haraka. Anayesema hivyo mara nyingi hajawahi kumuuliza mmoja wao anapata ngapi kwa wiki. Mjomba alisomesha watoto wanne kwa ile "tamaa." Ukichukua Tumbbad kama mahubiri, utatoka ukiwa umemlaani mtu mwenye karai na kumsahau mwenye mizani.

Nina lawama ya pili. Wanawake wa filamu hii wana mambo mawili tu: kuonya na kungoja. Mama anaonya kisha anaondoka. Mke anangoja. Hawara ananunuliwa. Bibi mwenyewe, aliyeipata laana kabla ya wote na anayeijua siri yote, anaonyeshwa kwanza kama zimwi la kutisha watoto, na anaposema hatimaye, ni ili mjukuu apate njia. Kukhu wangu angekataa kazi hiyo.

Hata hivyo bado nasema ni filamu kubwa, na sababu yangu ni kwamba picha zake zinajua zaidi ya fundisho lake. Fundisho linasema: usiwe mlafi. Picha inasema jambo gumu zaidi. Mtazame Hastar tena. Ana dhahabu yote ya dunia kiunoni, na anakufa njaa milele kwa sababu hakuna anayempa nafaka ila kwa kumtega. Wanaomwibia ni matajiri wenye unga wa kuchezea. Ukiitazama hivyo ukiwa umekaa juu ya mojawapo ya ardhi zenye dhahabu Kenya hii, katika kaunti ambayo bado ina nyumba zinazokopa gorogoro la mahindi kila mwezi wa Mei kabla ya mavuno, hutajua tena yupi hapo ni zimwi. Mwenye dhahabu ndiye mwenye njaa. Anayekuja na unga anaondoka tajiri. Sijui kama Barve alikusudia hayo. Kamera yake iliyaona, na hilo lanitosha.

Ndiyo maana siridhiki tukizisifu filamu za Kihindi kwa ukubwa wake tu. Mwaka 2025 Rajamouli alikuja Kenya kupiga sehemu za filamu yake mpya, Varanasi. Wakubwa wakampokea, magazeti yakafurahi, na kamera zikaelekea Maasai Mara. Sina ubaya nalo. Mara ni pazuri, na watu watapata kazi. Lakini natambua kilichotokea: amekuja mtu ambaye macho yake ni hodari kuliko ya wengi duniani, nasi tukamwonyesha kile ambacho kila mgeni ameshaonyeshwa, twiga na machweo. Hakuna aliyefikiria kumleta kutazama mvua ya saa tisa ikivuka msitu wa Kakamega, au kijana wa Ikolomani akitoka shimoni jioni, mweupe kwa udongo kuanzia nywele hadi vidole, akipepesa macho kwa sababu jua limemchoma.

Na labda ni heri hakuletwa. Picha hiyo inahitaji mtu wa kuingojea kama Ray alivyozingojea nyasi zake. Inahitaji mtu ambaye hataondoka mvua ikianza, ambaye mjomba wake atamuuliza nani anachimba, naye akalichukua swali hilo kama agizo la kazi. Vifaa tunavyo vya kutosha. Simu iliyoko mfukoni mwako sasa hivi inaona gizani kuliko kamera ya Murthy ilivyoona, na vioo viwili havikushindi bei. Jua, likipatikana kati ya wingu na wingu, bado ni bure.